Kitambaa Kisichokatwa

Mkono wa kulia wa Mama Mkasi uliruka mara ya kwanza akiwa ameshika kikombe cha chai. Hakuna aliyemshtua, wala hapakuwa na baridi. Vidole vilijikunja vyenyewe, kiwiko kikapanda juu, na chai yote ikaishia kwenye sketi ya mteja iliyokwisha kupigwa pasi. Alimsingizia paka. Paka mwenyewe alikuwa wa jirani na siku hiyo hakuonekana kabisa, lakini paka wa jirani hana wa kumtetea.

Mara ya pili alisingizia kikombe. Mara ya tatu hakusingizia kitu. Aliingia chumba cha nyuma, kile cha kuwekea marobota ya vitambaa, akajifungia, akaukalia mkono ule kama mtu anayemzuia kuku asitoroke. Mkono wa aina hiyo alikuwa anaufahamu. Alishaulisha, alishauogesha, na mwisho alishauzika.

Ulikuwa wa mama yake mzazi. Kwake pia mambo yalianza na vidole, watu wakacheka, wakasema bibi ana haraka siku hizi. Kisha likafuata bega. Kisha miguu, ikawa akitembea anayumba huku na huku kama anacheza muziki anaousikia peke yake. Baadaye maneno yalianza kumponyoka, na kuelekea mwisho hakumjua tena hata binti yake. Daktari aliwaita wanafamilia akawaeleza taratibu kwamba ugonjwa ule hutembea kwenye damu. Mzazi akiwa nao, mtoto anaweza kuupata au kuukosa, na huwezi kujua kwa kumtazama tu. Dawa ya kuuondoa hakuna. Mama Mkasi alisikiliza huku akitikisa kichwa kana kwamba anatajiwa vipimo vya suruali, akatoka nje, akatapika kwenye bustani ya hospitali.

Na yeye alikuwa na mtoto mmoja tu. Huyo aliitwa Kifungo, kwa sababu utotoni alimeza kifungo cha koti akawaweka watu wazima roho juu kutwa nzima. Sasa Kifungo alikuwa mwanamke mzima, ameketi kwenye cherehani ya pili dukani kwa mama yake, kazi yake ikiwa kushona vifungo, kupiga pasi na kugombana na wateja wanaotaka nguo ya kesho leo. Kukata hakugusa. Kukata ilikuwa kazi ya mama. Mteja akisimama mlangoni, Mama Mkasi humtazama mara moja kuanzia mabegani hadi miguuni, halafu huchukua mkasi akakata bila kuchora mstari, na nguo ikamkaa mtu utadhani amezaliwa nayo. Watu walikuja kutazama hilo tu. Naye alipenda kutazamwa, tusidanganyane. Ule mlio wa mkasi ukipita kwenye kitambaa bila kusita ndio uliomfanya ajione mtu mbele za watu.

Sasa alikuwa ameanza kuishi kama mwizi ndani ya duka lake. Alivizia Kifungo atoke ndipo akate. Kwenye cherehani alipata nafuu kidogo, kwa kuwa viganja vyote viwili hukandamiza kitambaa mezani, na uzito ule uliutuliza mkono. Lakini mkasi huinuliwa hewani, na mkono ukiwa hewani ulifanya ulivyotaka. Siku moja alikuwa akimbandika pini mwari mmoja aliyekaribia kuolewa, mkono ukaruka, pini ikamzama ubavuni. Yule mwari akapiga yowe.

"Samahani mwanangu, umenenepa ghafla," alisema Mama Mkasi. Waliokuwepo wakaangua kicheko, naye akacheka nao.

Kifungo hakucheka. Mteja alipoondoka aliuliza, "Mama, huo mkono vipi?"

"Nimeulalia vibaya."

"Kila siku unaulalia vibaya?"

"Tangu lini umekuwa daktari? Shona vifungo huko."

Kifungo akainama, akashona vifungo.

Hali ilikuwa hiyo alipoingia Mtawa. Mtaa mzima ulimfahamu. Zamani alikuwa msusi, tena msusi wa maneno mengi, halafu akatoweka, watu wakasema kaolewa mbali. Kumbe alikwenda kujifunza dini ya Buddha. Alirudi kichwa kipara, nguo ya kitawa mwilini, akahamia kwenye nyumba ndogo nyuma ya gereji pamoja na watawa wengine wawili waliomzidi umri. Waliomtania kwamba msusi gani huyo hana hata unywele aliwajibu, "Nilisuka vichwa vya watu mpaka nikakichoka changu." Kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana, na watu walikipenda hata wale wasioipenda dini yake.

Alitua mezani kitambaa kipya cha pamba, kizito, rangi ya kahawia iliyokolea. Hakuwa mtawa kamili bado, alieleza. Alikuwa mwanafunzi, na sasa siku ya kupokelewa rasmi ilikuwa imekaribia.

"Nataka ukikate vipande vipande, mama, kisha uviunge kiwe kimoja tena."

Mama Mkasi alidhani anachezewa. "Kitambaa kizuri hiki? Kama ni cha kujitanda, si nikupindie kingo tu basi?"

"Ndiyo sheria yetu. Vazi la mtawa lazima liwe la vipande." Alichora mezani kwa kidole. "Vipande virefu, vipande vifupi, vimepangana kama majaruba ya mpunga, na katikati yake matuta. Kitambaa kizima kinatamanisha. Mwizi anakitamani, na mimi mwenyewe nakitamani, maana nilikuwa napenda nguo kupita kiasi, unanijua. Kikishakatwa sina cha kuringia. Hapo ndipo naruhusiwa kukivaa."

"Hiyo dini haiwapendi mafundi," alisema Kifungo.

"Inawapenda sana. Inawapa kazi mara mbili."

Wote watatu wakacheka. Mama Mkasi alicheka huku akihesabu moyoni. Vipande vingapi hivyo? Mkato mmoja baada ya mwingine, mirefu, mbele ya kila apitaye. Angekataa, lakini kukataa kunataka sababu, na Kifungo alikuwa pale masikio wazi. Tena tangu lini Mama Mkasi akakataa kukata? Akakikunja kitambaa na kusema kitakuwa tayari.

Siku iliyofuata alimtuma Kifungo akanunue uzi, akafunga mlango nusu, akatandaza kitambaa kwenye meza ya kukatia. Aliinua mkasi. Alipiga moyo konde, akauteremsha kwenye ukingo wa kitambaa, akabana. Mkono ukaruka. Ncha ya mkasi ilitua mezani kwa kishindo, karibu kabisa na kidole gumba cha mkono wake wa kushoto. Alikitazama kidole kile kwa muda, kizima, hakina hata mkwaruzo, kisha akauweka mkasi chini.

Hapo ndipo lilipomjia wazo ambalo fundi peke yake angeweza kuwa nalo. Hakuna haja ya kukata. Ukikikunja kitambaa mkunjo mwembamba, ukaushona pande zote mbili na kuulaza kwa pasi, kwa nje unaonekana tuta, na kando ya tuta panaonekana jaruba. Akakunja, akashona, akalaza. Mikunjo mirefu, mikunjo mifupi. Kazi ilipokwisha hata fundi mwenzake angeapa kwamba ni vipande vilivyoungwa. Alijisifu moyoni, na palepale akaona haya, kisha hofu ikarudi kwenye kiti chake cha kila siku.

Tangu hapo kila kipara kilichopita barabarani kilimshtua. Wazee wengi wa mtaa huo walikuwa na vipara, kwa hiyo alishtuka mchana kutwa.

Mtawa alirudi Kifungo akiwa amepeleka sare za shule kwa wateja. Alilipokea vazi kwa mikono miwili, akalitandaza mezani, na uso wake ukafurahi kama wa mtoto. "Mama, mikono yako Mungu aliitengeneza siku ambayo hakuwa na haraka," alisema. Halafu akaligeuza ndani nje. Hakuwa na nia mbaya, mtu yeyote hufanya hivyo na nguo mpya. Akapitisha kidole gumba juu ya tuta la kwanza. Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena polepole.

Mama Mkasi alishika ukingo wa vazi, kana kwamba anataka kulikunja.

"Mama," alisema Mtawa, "hapa hapajakatwa."

"Pamekatwa."

Mtawa alishika tuta la pili, kisha la tatu.

Basi Mama Mkasi akapandwa na hasira. "Nani huko atakugeuza nguo ndani nje? Vazi limekaa, limependeza, vaa uende zako! Kitambaa kizuri mnataka kukiharibu, kisha mnaita dini! Umekuja kunikagua mimi, wewe, mtoto wa juzi, niliyekushonea nguo ya kwanza ya..." Na katikati ya kelele hizo mkono ukatoka mafichoni, ukaruka mbele ya macho yao wote wawili, ukapiga kopo la pini. Pini zikatapakaa sakafuni.

Mtawa alizitazama pini, kisha mkono.

"Umeanza lini?"

Paka wa kusingizia hakuwepo. Mama Mkasi aliketi, akasema yote: mama yake, bega, miguu, maneno yaliyoponyoka, maelezo ya daktari kuhusu damu. Alisema kama mtu anayetapika, bila kuchagua maneno. "Na Kifungo asijue. Ukithubutu kumwambia, nakuchoma na hii pasi."

"Sitamwambia mimi."

Mama Mkasi akangoja kuambiwa kwamba itapita. Watu wote huambiwa itapita. Mtawa hakusema hivyo. Alichuchumaa akaanza kuokota pini, akawa anazungumza huku ameinama.

"Nikuambie jambo na wewe usinicheke. Nilipoligusa tuta la kwanza nikajua, na wazo langu la kwanza lilikuwa ninyamaze. Hiyo siku nimeisubiri sana, mama. Niliogopa kuikosa mpaka nikawa tayari kusimama mbele ya wakubwa zangu nimevaa uongo." Alitia pini kwenye kopo. "Buddha alianzia hapo. Jambo la kwanza, alisema kuna mateso. Kuugua, kuzeeka, kufa, kukosa unachokitaka, kutengana na unayempenda. Usiyakimbie, yatazame."

"Hilo halihitaji mwalimu."

"La pili ndilo gumu. Mateso yana chanzo, na chanzo chake ni kung'ang'ania. Tunataka kitu kiwe chetu na kisibadilike."

"Chanzo ni damu ya mama yangu! Usinizungushe."

"Mkono kuruka ni damu, sibishi. Na kujifungia na marobota, je? Kumkwepa mwanao dukani kwako? Kudanganya kitambaa cha watu? Hiyo nayo ni damu?"

Mama Mkasi aliisukuma pasi kando kwa mkono wa kushoto.

"Utazame mkono sasa hivi," alisema Mtawa.

Ulikuwa umelala mapajani, umetulia kabisa. Lakini moyo bado ulikuwa ukimwenda mbio.

"Umetulia, na wewe unaogopa vilevile. Basi hofu haitoki mkononi."

"Inatoka wapi?"

"Sema wewe."

Nje mtu alikuwa akiburuta kreti za soda kwenye saruji, na mlio ule ulipita wote mpaka ukaisha. "Nataka nibaki hivi nilivyo," alisema mwishowe. "Nikiondolewa mkasi, sijui nitakuwa nani. Na nataka mwanangu asiguswe. Nataka hivyo mpaka siwezi kumtazama usoni, maana nikimtazama naona miguu ya mama yangu inayumba."

"Basi ndicho hicho unachong'ang'ania. La tatu, Buddha alisema kinaachilika, na kikiachiliwa mateso yanakoma. La nne, kuna njia ya kufika huko, nayo watu huitembea kidogo kidogo, kwa fikra zao, kwa maneno yao, kwa kazi zao. Mimi mwenyewe niko mlangoni tu, naogopa mpaka daktari wa meno. Lakini mwanzo wake naujua. Kuyaona mambo yalivyo, na kusema kweli."

"Unataka nisimjali mwanangu."

"Mama, kumpenda mtu ni pamoja na kumwona. Wewe hata kumwona unaogopa."

Neno hilo lilimwingia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Na mkono utapona?"

"Hapana," alisema Mtawa, na macho yake yakajaa machozi. "Hilo siwezi kukudanganya."

Lilimtisha, tena sana. Hata hivyo kifua chake kilipata nafasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amesema neno la kweli ndani ya duka lile kwa muda mrefu, akianza na yeye mwenyewe.

Walifumua mikunjo pamoja, kila mmoja na upande wake. Kitambaa kilirudi kuwa kizima, kina matobo madogo ya sindano. Mtawa akasogeza mkasi.

"Nitakuharibia," alisema Mama Mkasi. "Kitapinda."

"Sheria inasema kikatwe. Haisemi kinyooke."

Akauinua. Hofu ilimpanda kutoka miguuni kama maji. Safari hii hakuharakisha, wala hakuubana mkono kwa ule mwingine. Mkono uliporuka aliusubiri huku akiutazama, kama mtu anayesubiri gari lipite ndipo avuke. Ulitulia, akakata. Uliruka tena, mstari ukaenda kombo, akasubiri, akakata. Ulikuwa mkato mbaya kuliko yote aliyopata kukata tangu aanze kujifunza kazi. Mlio wake ulikuwa wa kusitasita, na kitambaa kikaachana, vipande viwili, vitatu.

Kifungo alikuwa amesimama mlangoni na mfuko mtupu.

Hawakujua amefika saa ngapi. Alikuwa akiutazama mkono. Mama Mkasi alihisi mwili mzima ukivutwa kuelekea chumba cha nyuma. Maneno ya kuulalia vibaya yalikuwa tayari ulimini. Hakuyasema. Aliuacha mkono hewani na mkasi wake, nao ukaruka.

"Mwanangu," alisema, "huu ni ule wa bibi yako."

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Najua siku nyingi." Sauti ya Kifungo ilikuwa ya kawaida, kana kwamba anamjibu mteja. "Niliona unavyoogopa nisijue. Nikasema nikikuambia nitakumaliza kabisa."

Aliweka mfuko chini, akasogea mezani. Kisha akafanya kitu ambacho mama yake hakukielewa. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama chini, vidole vimetanuliwa, akaishikilia hivyo hewani bila kupumua.

"Unafanya nini?" aliuliza Mama Mkasi.

"Nafanya hivi kila asubuhi. Bafuni, nimefunga mlango, nimefungulia maji usisikie kitu. Natazama kama vinaruka." Midomo ilianza kumcheza. "Tangu daktari alipotuambia. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, mama. Uliondoka hukunitazama."

Mtawa aliinamisha kichwa. Mama Mkasi aliweka mkasi mezani. Alikuwa ameficha mkono ili hofu isimfikie mtoto, kumbe mtoto alikuwa ndani ya hofu hiyo tangu zamani, peke yake, mlango umefungwa, na aliyemwacha humo ni yeye. Aliinua mkono ule mbovu amshike mwanae shavu, nao ukaruka palepale, ukampiga kofi dogo. Kifungo akacheka huku analia.

Vazi lilikwisha kesho yake, Kifungo akikata na mama yake akishona. Ile mikato ya kombo haikufichwa. Mtawa alilivaa hivyohivyo mbele ya wakubwa zake, nao wakampokea.

Asubuhi moja baada ya hapo Mama Mkasi aliamka akasikia maji yakimwagika bafuni. Aliyasikia asubuhi zote za miaka yote hiyo na hakuwahi kujiuliza. Alisimama mbele ya mlango. Alitamani kurudi kitandani ajifunike. Akabisha.

Maji yalisimama. "Nani?"

"Mimi. Nifungulie."

Kitasa kikageuka, na Kifungo akasogea kumpisha. Walisimama bega kwa bega mbele ya sinki, bafu lenyewe dogo hata kugeuka shida. Wakanyoosha mikono. Wa kulia wa mama uliruka, ukatulia, ukaruka tena. Ya Kifungo ilibaki palepale.

"Leo imetulia," alinong'ona Kifungo.

"Leo imetulia," alisema mama yake. Hofu haikuwa imeondoka. Aliendelea kuitazama mikono ya mwanae, kidole kwa kidole, na hakuangalia pembeni.